Ukipangiwa usichokijua: mwongozo kamili wa kukua kupitia mambo ya ghafla kazini na kwenye kujitolea

Mwezi wa tatu 2019 nilienda kujitolea kufundisha sekondari moja ya kata huko wilaya ya Kilosa. Digrii yangu ni ya ualimu, Kiswahili na Historia, na barua ya maombi niliandika hivyo hivyo, Kiswahili na Historia, mkuu wa shule akaipokea akagonga muhuri. Siku ya pili ananiita ofisini, "mwalimu wangu, yule wa Hesabu alihama tangu Januari, kidato cha kwanza na cha pili hawana mtu, wewe ndo utatusaidia." Mimi Hesabu kidato cha nne nilipata D, na ile D yenyewe nahisi msahihishaji aliamka na furaha siku hiyo. Nikajibu sawa mkuu. Ukiwa mgeni afu unatafuta barua ya uzoefu huwa unasema sawa kwa kila kitu.

Wiki ya pili niko ubaoni kidato cha pili, mada ya logarithimu, nimeandika log 20 = log 2 × log 10, kwa mwandiko mzuri kabisa, najiamini. Binti wa dawati la mbele ananyoosha mkono, "mwalimu, hapo tunazidisha au tunajumlisha?" Darasa zima kimya. Jasho lilinitoka mpaka kwenye viganja, chaki ikawa inateleza.

Tangu siku ile nimepita sehemu nyingi, nimekuwa wakala wa pesa Morogoro mjini, nimekuwa karani wa sensa 2022, na sasa hivi nasimamia vijana wanaokuja kujitolea kwenye kashirika kadogo ka maji vijijini, na kila baada ya muda kuna mmoja ananifuata amenuna, kaka hiki sicho nilichoambiwa. Kuna watu wanapenda kusema changamoto zinakomaza. Mi sikubali moja kwa moja, nina jamaa zangu wamepigwa na changamoto zile zile nilizopigwa mimi na hawakupata kitu zaidi ya presha na hasira za kumrushia kila mtu. Kinachokukomaza ni unachofanya zile saa chache baada ya jambo kutokea, na unachoandika usiku wake. Nitaeleza nilivyojifunza mimi, hatua kwa hatua, ni ndefu kidogo vumilia.

Kabla hujaripoti

Hapa wengi wanaruka. Uliza maswali yafuatayo mapema, hata kwa meseji, na majibu uyatunze: nitafanya kazi gani hasa, nani ananisimamia moja kwa moja, siku ngapi kwa wiki, nauli na chakula ni juu ya nani, na mwisho ni lini. Hilo la mwisho ni muhimu kuliko unavyodhani, kujitolea kusiko na tarehe ya mwisho kunageuka ajira isiyo na mshahara, nimeona mtu ana miaka minne shuleni anaitwa "mwalimu wa kujitolea" na kila mtu keshazoea kuwa analipwa elfu hamsini ya michango ikipatikana.

Kingine, tenga nauli ya kurudi kwenu na usiiguse. Mimi niliiweka kwenye laini nyingine ya simu ambayo PIN yake alikuwa nayo dada yangu. Hii inaonekana ni habari ya pesa lakini ni habari ya mdomo, mtu ambaye hana nauli ya kuondoka hawezi kusema hapana, ataitikia kila kitu hata kile kinachomuumiza, sababu atalala wapi.

Hatua ya kwanza: dakika zile za mwanzo, usijitetee

Turudi ubaoni. Kitu cha kwanza kilichonijia kichwani ni kumwambia yule binti akae chini asubiri maelezo. Mwalimu anaweza kufanya hivyo na hamna wa kumuuliza. Sijui nini kilinizuia, labda uchovu tu, nikamwambia njoo umalizie. Akaja, akaandika log 20 = log 2 + log 10, akafungua kitabu cha majedwali, log 2 ni 0.3010, log 10 ni 1, jumla 1.3010, akapiga mstari chini akarudi kukaa. Nikawaambia darasa, yuko sahihi, mi nimekosea, futeni ile ya mwanzo kwenye madaftari. Basi. Ilichukua kama dakika tatu na hamna aliyekufa.

Siku ile ndo niliona kwamba aibu ina urefu wake, na wewe mwenyewe ndo unaurefusha. Ukikiri hapo hapo ni dakika tatu, ukianza kujitetea ni muhula mzima, maana wanafunzi watakuwa wanakutegea kila ukishika chaki.

Kuna sentensi moja nawafundisha vijana wangu waishike kama namba ya simu ya nyumbani: "Hili sina uhakika nalo, nitakuletea jibu kesho saa nne." Ile saa nne ndo yenye kazi. Ukisema tu sina uhakika unaonekana huna maandalizi, lakini ukitaja saa afu kweli saa nne ikakukuta na jibu, mwanakijiji au bosi au mteja anakuwa na imani na wewe kuliko yule anayejua kila kitu. Na kama jambo lenyewe ni la hatari, mtu kaumia, moto, mwanafunzi kaanguka, hapo hamna habari ya kesho, piga kelele ita watu, namba ya dharura ni 112, zimamoto 114, mambo ya kujifunza na kukua yatasubiri.

Hatua ya pili: mwambie mhusika kabla hajaambiwa na mwingine

Mwaka 2021, niko kwenye kibanda cha uwakala, mama mwenye kibanda ana vibanda viwili, mimi nasimamia kimoja. Asubuhi watu wengi, mzee mmoja ananitajia namba huku mwingine ananiuliza vocha, nikaweka shilingi 480,000 kwenye namba isiyo yake. Tarakimu moja tu. Mshahara wangu kwa mwezi ulikuwa 150,000, kwa hiyo hesabu unaiona mwenyewe.

Kichwa kinakuletea mawazo ya ajabu wakati ule. Niseme mteja ndo alinitajia vibaya? Nifunge kibanda? Nikope mahali nijaze kimya kimya? Nilichofanya nilipiga kwanza huduma kwa wateja 100 nikaomba muamala uzuiwe, afu nikamwandikia mama meseji, ndani ya dakika kumi ilikuwa imeshafika. Nayo ilikuwa hivi, nimeitunza mpaka leo:

"Shikamoo mama. Saa 4:20 nimeweka 480,000 kwenye namba isiyo ya mteja, nimekosea tarakimu moja. Nimeshapiga 100, wamelipokea. Mteja yuko hapa kakaa, nimemwomba asubiri. Floti iliyobaki 215,000. Naomba uniambie tumlipe kwanza au tusubiri majibu."

Floti ni ile pesa ya kufanyia kazi kibandani. Sasa angalia meseji ilivyokaa. Imetaja kilichotokea na saa, imetaja kosa ni la nani, imetaja kilichokwisha kufanyika na hali ilivyo sasa, afu inaomba uamuzi mmoja tu. Hamna "samahani sana mama yangu naomba unisamehe sijui ilikuwaje". Samahani utaomba mkikutana, na uiombe kweli, ila bosi akipata meseji ya shida anataka kujua moto uko wapi na umefika wapi.

Mama alinitukana, sitakudanganya. Alinitukana mpaka yule mzee mteja akanionea huruma. Ila alileta floti ya kibanda kingine mzee akalipwa akaenda zake, na zile pesa zilipofuatiliwa 300,000 zilirudi, 180,000 yule mpokeaji alikuwa ameshazitoa. Nikakatwa 60,000 kwa mwezi, miezi mitatu, nikala sana ugali na dagaa. Lakini kibandani nilibaki, na baada ya hapo funguo za kibanda cha pili nilipewa mimi.

Nilipewa mimi kwa sababu binti aliyekuwa nazo alipata shoti, yaani pesa kupungua, ya 70,000 akaificha. Akawa anaziba na floti ya kesho yake, keshokutwa anaziba ya jana, wiki tatu hivi, mpaka ikafika laki nne akazima simu akaondoka. Alikuwa mwaminifu kuliko mimi yule dada, ndo maana inaniuma. Elfu sabini! Mama angepiga kelele jioni moja yakaisha. Mficha maradhi kilio humuumbua, ni methali ya shule ya msingi kabisa hii, na bado watu wazima tunaifeli.

Kama bosi wako ni mtu wa kufoka na unaogopa, andika meseji kwanza kisha ndo upige. Kwa maandishi hakukatishi katikati ya sentensi.

Hatua ya tatu: daftari la usiku

Sasa hii ndo kazi yenyewe, zile nyingine ni kuzima moto tu.

Nunua daftari la kawaida, hata la kurasa 80, sio simu. Simu ukiifungua usiku uandike utaishia kwenye status za watu. Kila siku iliyotokea kitu hukukitegemea, hata kidogo, andika mistari mitano kabla hujalala. Ya siku ya logarithimu ipo hivi:

*Kilichotokea:* nimekosea logi ubaoni kidato cha 2, mwanafunzi kanisahihisha.
*Nilichofanya:* nimemwita amalizie, nimekiri.
*Nilichokuwa sikijui:* kanuni ya kuzidisha kwenye logi. Nilidhani naikumbuka, sikuifanyia hata swali moja jana yake.
*Anayejua:* mwalimu wa Hesabu wa shule ya kata ya jirani.
*Kabla ya Ijumaa:* maswali 20 ya zoezi, mwenyewe, bila kuchungulia majibu.

Mstari wa tatu ndo mgumu na ndo watu wanaukwepa. Nikiwapa vijana wangu hili zoezi, karibu wote mara ya kwanza pale wanaandika "mazingira magumu" au "ushirikiano mdogo wa jamii". Hapana bwana. Mazingira magumu sio kitu ulichokuwa hukijui. Andika kitu ambacho ungekijua jana yake, leo ingeenda tofauti. Kijana mmoja alienda kijijini kuitisha mkutano wa kamati ya maji wakaja watu watatu, akaandika jamii haina mwamko. Nikamrudishia. Akaenda kuuliza, kumbe siku ile ilikuwa gulio kijiji cha pili, kila mtu alikuwa gulioni. Kwa hiyo alichokuwa hakijui ni siku ya gulio, na hicho mwenyekiti wa kitongoji angemwambia kwa sekunde tano kama angeulizwa.

Na usichanganye "sikujua" na "sikuwa na". Shule ile haikuwa na vitabu vya kutosha, hilo sio la kunikuza mimi, ni la kupeleka kwa mkuu na kwa Afisa Elimu Kata, basi. Ukianza kubeba kila upungufu wa serikali kama somo lako binafsi utachanganyikiwa.

Baada ya mwezi kaa chini usome kurasa zote kwa mkupuo mmoja. Yaani hapa ndo nilipigwa na butwaa. Nilikuwa na matukio 19. Nilidhani tatizo langu ni Hesabu. Nikapitia na kalamu nyekundu, matukio ya Hesabu yenyewe yalikuwa matano tu. Kumi na moja yalikuwa na mzizi mmoja: nilisema sawa kabla sijauliza. Sawa nitafundisha Hesabu, sawa nitashika zamu ya mwalimu fulani, sawa nitaandaa wale wa UMISSETA, mashindano ya michezo ya sekondari, sawa mwalimu niachie tu hayo madaftari nitasahihisha. Kila nilipoharibu kitu, ukifuatilia nyuma kulikuwa na "sawa mkuu" moja imekaa pale. Nisingeona bila daftari, kwa sababu kila tukio siku yake lilikuwa na sura yake.

Hatua ya nne: kutoka "sawa" kwenda "sawa, ila"

Sikuwa jeuri ghafla. Kwetu ukimwambia mkuu wako hapana kavu kavu umemaliza, na kusema kweli mara nyingi hata huhitaji kukataa, unahitaji kupewa vifaa. Muhula wa pili mkuu aliponiambia niendelee na Hesabu nilikuwa nimejiandaa. "Sawa mkuu, ila naomba vitu viwili, vitabu vya kiada niwe naondoka navyo nyumbani, na Jumamosi nisipangiwe kitu niwe naenda kujifua kwa mwalimu wa shule ya jirani." Akanitazama, akasema hilo tu? Akakubali hapo hapo. Nilikaa miezi mitatu naogopa kuomba kitu kilichotolewa kwa neno moja.

Namna ya kuisema ina utaratibu wake. Anza na sawa ya kweli, afu ombi liwe dogo na liwe na mwisho, na lionyeshe linasaidia kazi yake sio yako. Usilete malalamiko ya mwezi mzima kwenye ombi moja. Na usiseme mbele za watu, hasa stafu, maana mkuu akibanwa mbele ya walimu wenzio atakujibu kama mkuu, mkiwa wawili anakujibu kama mtu mzima mwenzio.

Hatua ya tano: tafuta mtu

Mwalimu yule wa jirani alikuwa mtu mzima, kafundisha Hesabu miaka mingi, nilipanda bodaboda elfu tatu kwenda na elfu tatu kurudi kila Jumamosi. Hakunifundisha kwa maneno mengi, alinipa maswali akaenda kulisha kuku, akirudi anaangalia nilipokwama. Tulikuwa tunatangulia wanafunzi wiki moja tu. Jumamosi nasoma mraba kamili, Jumatatu naufundisha. Alinishauri pia nikusanye mitihani iliyopita ya upimaji wa kidato cha pili, nifanye yote mwenyewe kwanza kabla sijawapa, na ukiifanya utaona maswali yanazunguka kwenye njia zile zile.

Kwa nini nasema mtu na sio video za mtandaoni? Video ni nzuri, nimezitumia pia siku ambazo mtandao umekubali. Ila video haijui umekwama wapi, mtu anakuona unavyosita. Na ukienda kwa mtu usiende mikono mitupu ya kichwa, nenda na swali ulilolijaribu ukashindwa, karatasi hii hapa nimefika hapa nikakwama. Mtu anayejua kazi akiona umejaribu anafunguka. Sukari kilo moja nayo haijawahi kumuudhi mtu.

Matokeo? Usitegemee hadithi ya ushindi. Mwezi wa kumi na moja wengi bado walipata F ya Hesabu, huwezi kuziba miaka ya kukosa mwalimu kwa miezi minane ya mwalimu wa Historia. Waliofaulu waliongezeka kidogo kuliko mwaka wa nyuma. Yule binti wa dawati la mbele alipata B, ila huyo angeipata hata ningekuwa nafundisha kwa Kichina.

Hatua ya sita: kuna zisizo za kukukuza, hizo ondoka

Hapa niwe mkali kidogo. Kuna mambo watu wanayaita changamoto na sio changamoto, ni kutumiwa au ni kosa la jinai. Usiyaandike kwenye daftari kama somo.

Ukiambiwa ushike pesa za michango bila risiti wala kitabu, kataa, hata ukiwa mwaminifu vipi, zikipungua wa kwanza kutajwa ni asiye na ajira. Kama unafundisha, usichape wanafunzi. Kanuni za adhabu ya viboko shuleni za 2002 zinasema kiboko ni mkuu wa shule au mwalimu aliyeteuliwa na mkuu kwa maandishi, visizidi vinne, na viandikwe kitabuni, sasa wewe wa kujitolea fimbo unaitoa wapi? Mtoto akiumia hamna atakayesimama na wewe. Mtu akikudai mwili wako ili akupe barua, nafasi au alama, hiyo ni rushwa ya ngono na ni kosa kwenye sheria ya kupambana na rushwa ya 2007, TAKUKURU namba yao ni 113 na kupiga ni bure. Ukigundua mtoto anafanyiwa ukatili piga 116. Na kama mwezi wa tatu unaisha kazi uliyoambiwa hujaiona hata siku moja, posho uliyoahidiwa haijagusa simu yako, na kila ukiuliza unaambiwa vumilia, ile nauli kwenye laini ya pili ndo kazi yake.

Kipimo changu mimi ni hiki: je, mwezi huu nimejifunza kufanya kitu ambacho mwezi uliopita nilikuwa siwezi? Kama jibu ni hapana mara mbili mfululizo naanza kufungasha.

Hatua ya saba: shida ikiwa sio yako

Sensa ya 2022, tunahesabu waliolala kwenye kaya usiku wa kuamkia Jumanne tarehe 23 Agosti. Nafika kaya moja (kijiji sitaji, makarani tulikula kiapo cha kutunza siri na kiapo hakina tarehe ya kuisha) nakuta turubai limefungwa, watu wamekaa chini, msiba. Na kwenye dodoso kuna maswali ya vifo vilivyotokea kwenye kaya. Kishikwambi mkononi, kaya nyingi zinanisubiri, msimamizi anapiga simu umefikia wapi.

Mimi yule wa 2019 ningesema sawa kwa msimamizi nikaanza kuuliza maswali pale pale. Nilizima kishikwambi nikakiweka kwenye begi, nikampa pole mwenye msiba, nikakaa na wanaume kwenye mkeka, nikachangia nilichokuwa nacho. Nikamwambia mwenyekiti wa kitongoji niliyekuwa naye kwamba tutarudi baada ya mazishi. Nikampigia msimamizi, sawa nitamaliza kaya zote, ila hii nairudia keshokutwa, kuna msiba. Akasema andika, endelea. Tuliporudi mjomba wa familia ndo alitupokea, akajibu yote mwenyewe taratibu, hata lile swali, na akatusindikiza kaya tatu za mbele ambazo wenyewe walikuwa wanatukwepa.

Kwa hiyo ukikuta jambo limemwangukia mwenyeji wako, ratiba yako inakuja ya pili. Kaa. Usianze kutoa ushauri. Mpe taarifa aliyekutuma ili asidhani umezembea.

Na wewe mwenyewe siku hizo usilale na jambo peke yako. Mimi nilikuwa na rafiki mmoja tunapigiana saa tatu usiku, dakika kumi, kila mtu anatapika yake, hamna kushauriana. Kula, oga, lala. Daftari la siku ya msiba ni mistari mitano ile ile.

Hatua ya nane: kulipeleka daftari kwenye usaili

Zamani walimu tulikuwa tunasubiri kupangwa tu, tangu ule usaili wa mwanzoni mwa 2025 nao wanapita kwa Sekretarieti ya Ajira, mtihani wa kuandika kwanza, ukivuka unaitwa mahojiano. Na kwenye mahojiano, ya serikali au ya mashirika, lile swali karibu halikosi, tueleze changamoto uliyokutana nayo na ulivyoitatua. Watu wanajibu "nilikutana na changamoto ya mawasiliano ila kwa kushirikiana na wenzangu tuliitatua." Jopo limeshasikia hiyo mara arobaini tangu asubuhi.

Wewe fungua daftari kichwani. "Nilipangiwa somo ambalo sikulisomea. Wiki ya pili nilikosea mbele ya darasa, nikakiri. Nilitafuta mwalimu mwenye uzoefu nikajifunza kwake kila Jumamosi, nikawa mbele ya wanafunzi kwa wiki moja. Waliofaulu waliongezeka kidogo, sio sana. Sasa hivi nikipewa jukumu jipya nauliza vifaa kabla sijakubali." Dakika moja na nusu. Usifiche lile kosa, ndo linalowafanya wainue macho kutoka kwenye karatasi. Na usiongeze chumvi, watauliza swali la pili na la tatu, aliyeishi jambo anajibu haraka, aliyetunga anaanza kuangalia dari. Ila usimseme bosi wako wa zamani kwa ubaya hata kama anastahili.

Jifanyie mazoezi matukio manne tofauti: ulipokosea wewe, ulipotofautiana na mwenzako, ulipokosa vifaa, na ulipobeba shida ya mtu mwingine. Yatoke mdomoni bila kukariri, hadithia mtu nyumbani akuulize.

Hatua ya tisa: kuondoka

Toa taarifa mapema, mwezi hivi. Andika karatasi ya makabidhiano, mada ulizofikia kwenye azimio la kazi, vitabu ulivyonavyo, madaftari yaliyosahihishwa na ambayo bado, funguo. Nakala moja yako, moja ya mtaaluma, yule mwalimu anayesimamia masomo, zote zisainiwe. Na omba barua ya uzoefu ukiwa bado upo hapo, sio miezi sita baadaye kwa simu, mkuu anaweza kuhama na mpya hakujui. Barua iwe na tarehe za kuanza na kumaliza, kazi ulizofanya kweli, saini na muhuri. Ipige picha ujitumie kwenye barua pepe yako siku hiyo hiyo.

Ya kwangu mkuu alishaichapisha kabla sijafika ofisini, akanikabidhi kwa mikono miwili, maneno mazuri sana, mchapakazi, mwenye nidhamu, amefundisha masomo ya Kiswahili na Historia. Nikaisoma mara mbili pale mbele yake. Nikamwambia sawa mkuu, nashukuru sana, ila nimefundisha Hesabu. Akacheka, akasema kweli bwana. Nikapanda bodaboda mpaka steshenari ya senta, wakanichapia upya kwa elfu moja, nikarudi akasaini, akatafuta muhuri kwenye droo.

Wino ulikuwa umekauka, ikabidi augonge mara tatu.